RAM ya 3200 inayokimbia 2133: maana ya kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko

Mteja ananunua RAM (memori ya kazi ya kompyuta) ya DDR4, yaani kizazi cha nne, katikati ya mji wa Arusha, kibandiko kinasema 3200, yaani kupeleka data mara milioni 3200 kwa sekunde. Anafika nyumbani Sakina, anaichomeka, anafungua Task Manager ya Windows, sehemu ya memori, anakuta 2133. Kesho yake yuko dukani: "Kaka, umeniuzia feki." Muuzaji anaapa kwamba mzigo ni halisi, na mara nyingi anasema kweli. RAM ni nzima na namba ni ya kweli. Ila 3200 ni kasi ambayo mtengenezaji ameipima na kuthibitisha kwamba RAM hiyo inaimudu. Hajaahidi kwamba kompyuta itaanza nayo bila kuambiwa.

Kwenye kila RAM, pembeni ya vile vichipu vikubwa vyeusi, kuna kichipu kidogo sana kinachoitwa SPD. Kazi yake ni kutunza majedwali ya kasi, volti na muda wa kusubiri. Kompyuta ikiwashwa, BIOS (programu ya kuwashia mashine iliyo ndani ya madabodi, ule ubao mkuu) husoma majedwali hayo kabla ya kufanya jambo lolote kubwa. La kwanza hufuata viwango vya JEDEC, chombo ambamo kampuni za vifaa vya elektroniki hukubaliana kuhusu memori, na kwa DDR4 volti yake ni 1.2. Hilo ndilo BIOS hulichukua, kwa sababu shabaha yake ni mashine kuwaka bila matatizo kwenye madabodi yoyote.

Jedwali la pili ndilo lenye 3200 uliyolipia. Linaitwa XMP, na lilianzishwa na Intel mwaka 2007, enzi za DDR3. Humo utakuta, kwa mfano, kasi 3200, CL16 (ndio muda wa kusubiri), volti 1.35. Jedwali hili hulala hadi mwenye mashine aingie BIOS aliwashe. Kwenye madabodi za DDR4 za prosesa za AMD jambo ni lile lile, ila kampuni ya ASUS huliita DOCP na MSI huliita A-XMP. Mwaka 2022, DDR5 ilipoingia kwenye prosesa zao za Ryzen 7000, AMD walileta la kwao, EXPO.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi: RAM za 3200 ziko za aina mbili. Ipo ya volti 1.2, kwa kawaida CL22, ambayo 3200 yake imo kwenye jedwali la kwanza. Hiyo hukimbia 3200 yenyewe, mradi prosesa na madabodi viikubali. Na ipo ya volti 1.35, CL16, ambayo bila XMP hurudi 2133, 2400 au 2666. Kwa hiyo ukiwa dukani usiishie kuuliza "Ni ya ngapi?" Geuza RAM, soma volti na CL kwenye kibandiko.

CL ni idadi ya mapigo ya saa ya memori ambayo prosesa husubiri tangu iombe data hadi data ianze kutoka. Ukitaka kuijua kwa nanosekunde, zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi. CL16 kwenye 3200 inatoa nanosekunde 10. CL15 kwenye 2133 inatoa kama 14. Ukitoka 2133 kwenda 3200, namba ya CL imepanda, lakini kusubiri kumepungua, maana kila pigo limekuwa fupi. Kiasi cha data kinachopita nacho kinaongezeka: RAM moja ya 2133 hupitisha kama gigabaiti 17 kwa sekunde, ya 3200 hupitisha 25.6. Ukizichomeka mbili kwenye sloti sahihi (kwenye madabodi nyingi zenye sloti nne ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa), kiasi hicho huongezeka mara mbili.

Ukifungua CPU-Z, programu ya kuonyesha vipimo vya mashine, ukakuta 1600, usishtuke. DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo la saa, na CPU-Z huonyesha saa yenyewe. 1600 mara mbili ndiyo 3200 yako.

Sasa tuseme ukweli kuhusu mashine ambazo wengi wetu tunazo Arusha na Moshi. Nyingi ni mtumba kutoka nje, Dell OptiPlex au HP ProDesk zilizotoka maofisini. Hizi kwa kawaida hazina sehemu ya XMP kwenye BIOS kabisa. Zaidi ya hapo, prosesa ina kikomo chake: i5-6500 inatambua DDR4 hadi 2133, i7-7700 hadi 2400, i5-8500 hadi 2666. Mtu mwenye mashine ya i5-8500 akinunua RAM ya wacheza gemu yenye XMP ya 3200, inaweza kuangukia 2133, wakati RAM ya kawaida ya 2666, isiyo na urembo wowote, ingekimbia 2666 bila maswali. Naumia kuona mtu akilipa zaidi ili apate kidogo. Hata kwenye mashine ya kuunganisha mwenyewe, madabodi za Intel za H410 na H510 haziruhusu memori kuvuka kikomo cha prosesa. B560, iliyotoka mwaka 2021, inaruhusu.

Kama madabodi yako inaruhusu, kazi ni fupi. Washa mashine huku ukibonyeza Delete au F2, tafuta XMP, DOCP au EXPO, chagua profaili ya kwanza, hifadhi, acha ijiwashe upya. Skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda, hasa kwenye DDR5, na feni zikazunguka bila picha. Usikimbilie kuchomoa waya, memori inajipima na madabodi. Ikishindwa, madabodi nyingi hurudi zenyewe kwenye kasi ya awali baada ya majaribio machache. Isiporudi, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache, irudishe, uwashe tena. Hakuna kilichoungua.

Je, utaona tofauti? Inategemea kazi. Mhasibu wa Excel pale Moshi hataona chochote, na asidanganywe. Lakini kijana anayehariri video za safari za Serengeti kwenye Ryzen 5 5600G, isiyo na kadi ya picha ya pembeni, ataona wazi, kwa sababu sehemu ya picha ndani ya prosesa hiyo haina memori yake, inakula kwenye RAM hiyo hiyo. Kwake, kuacha 2133 ni kuibana mashine bila sababu.

Kitu kimoja cha kuheshimu: Intel na AMD wote huhesabu kasi iliyovuka kikomo cha prosesa kuwa nje ya vipimo vyao, na dhamana ya prosesa inaweza kuguswa. Ndiyo maana baada ya kuwasha XMP unapaswa kuipima. Weka MemTest86, programu ya kupima memori, kwenye flashi, iwashe mashine kutokea humo, iache usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, maana data iliyoharibika kwenye RAM huandikwa hivyo hivyo kwenye diski na hutajua hadi faili igome kufunguka. Likitokea, rudi BIOS, bakiza profaili lakini shusha kasi hadi 3000 au 2933, upime tena. Likiendelea kutokea hata XMP ikiwa imezimwa, hapo sasa una haki ya kurudi dukani na RAM yako mkononi.