Kiyoyozi kimegoma Februari? Usikimbilie gesi

"Fundi, njoo na gesi." Mwezi wa pili na wa tatu simu zangu nyingi huanza hivyo. Mteja keshajipima, keshajiandikia dawa, kwangu anataka chupa tu. Ndicho kipindi ambacho mchana wa Mombasa unapita nyuzi 32, kaskazi imelegea, masika bado, na usiku shuka zinakushika mgongoni. Kiyoyozi kilichovumilia mwaka mzima huchagua siku hizo kususa.

Nianze na hiyo gesi, maana ndiyo inayowala watu pesa. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haichomwi ili mashine ifanye kazi, wala haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya bomba za shaba: inabeba joto la chumbani, inakwenda kulimwaga nje, inarudi. Ikipungua, basi kuna mahali inatoka, na hapo pataendelea kuvuja hata ukijaza leo. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza kidogo" anakuuzia maji ya ndoo iliyotoboka.

Kabla hujanipigia, angalia rimoti. Msinicheke. Nimewahi kupanga foleni feri ya Likoni na mkoba mzima wa vyuma, kufika nikakuta rimoti imebonyezwa kwenye alama ya feni badala ya ile ya theluji, theluji ambayo wengi wetu hatujaiona popote ila kwenye rimoti. Kisha breka ya umeme. Ikiwa imeanguka, irudishe mara moja tu. Ikianguka tena iache, kuna hitilafu.

Halafu filta. Fungua mfuniko wa mbele, zichomoe, zimulike juani. Kama mwanga haupiti, hewa nayo haipiti. Hapo hutokea jambo ambalo watu hawaliamini: koili ya ndani, yale mabomba baridi nyuma ya filta, hukosa hewa ya joto, ikapoa kupita kiasi, unyevu wa chumba ukaganda juu yake. Barafu, Mombasa, Februari! Barafu ikishafunga, upepo unakatika kabisa na mteja anasema gesi imekwisha. Zima ubaridi, acha feni peke yake saa kadhaa mpaka iyeyuke, osha filta, zikauke kivulini, jaribu tena. Usiibandue kwa kisu. Nimeshaona koili iliyotobolewa hivyo, na hapo gesi yote hutoka kwa mkupuo. Lakini ikiwa filta ni safi na barafu imerudi, huenda kweli gesi imepungua. Niite.

Ndani kukiwa sawa, toka nje, maana huko ndiko ninakotumia muda wangu mwingi. Bibi mmoja wa Kibokoni alinambia, "Mwanangu, hiki kina shetani. Usiku chafanya kazi, adhuhuri chazima chenyewe." Nikapanda darini kwake. Sanduku la nje lilikuwa limebanwa na ukuta mpya wa jirani, karibu shubiri moja, na mbele yake magodoro ya zamani. Hewa moto iliyotoka ilipiga ukuta ikarudi kuvutwa tena. Usiku lilimudu, jua likifika utosini, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ilipata moto hadi kinga yake ikaikata. "Bibi," nikamwambia, "hakina shetani, hakina pumzi." Tuliondoa magodoro, nikaligeuza sanduku likatazama uwazi. Gesi sikuigusa.

Wa ufukweni mna adui mwingine: chumvi. Nyumba za Nyali na Kizingo zinazotazama bahari, yale mabati membamba ya alumini nyuma ya sanduku hulika hadi ukiyagusa yanabaki unga mweupe vidoleni. Mimi huwaambia wateja wa huko wazime breka na kuyamwagia maji baridi ya kawaida kila baada ya miezi mitatu. Mpira wa bustani unatosha. Ile mashine ya kuoshea magari itayalaza mabati, hewa isipite tena.

Kuna mlio mmoja ningependa kila mtu aujue. Sanduku la nje linanguruma nguuu, sekunde chache, tak, kimya. Baada ya dakika kadhaa linajaribu tena. Mwaka wangu wa pili kazini niliusikia mlio huo, nikamwambia mteja kompresa imekufa, anunue nyingine. Mzee mmoja fundi akaja nyuma yangu na kapasita ya bei ndogo, kompresa ikawaka. Aibu ile ninayo mpaka leo. Kapasita ndiyo inayoipa kompresa msukumo wa kuanza, na joto huichosha. Imeandikwa 35, ukiipima inasoma 22, mara nyingine imevimba kichwa. Usiifungue mwenyewe: hubaki na umeme hata breka ikiwa chini. Siku nyingine siyo kapasita, ni mjusi kafiri aliyejipenyeza kwenye viunganishi vya waya akaungua hapo hapo, mkia bado unaning'inia.

Na ikithibitika ni gesi, uliza mambo mawili. La kwanza, ni ya aina gani. Imeandikwa kwenye kibandiko cha sanduku la nje: R22, R410A au R32. Hazichanganywi. R22 ni ya mashine za zamani, na inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu ozoni, tabaka la juu angani linalotukinga na miale mikali ya jua, kwa hiyo usishangae bei yake. La pili, inavujia wapi.

Mteja wangu wa Kizingo alikuwa amejaziwa mara tatu na mafundi tofauti, hakuna aliyemwonyesha tundu. Nilipaka povu la sabuni ya vyombo kwenye maungio, moja baada ya jingine. La nne, kwenye nati ya bomba nene, povu likaanza kutoa vipovu vidogo kama chai inayokaribia kuchemka. Nati ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikaibadilisha, nikatanua mdomo wa bomba upya, nikavuta hewa yote kwa pampu, nikajaza kwa mizani kama kibandiko kilivyosema. Sasa huniita kusafisha tu, na husubiri nimalize ili tunywe kahawa.