Nyuma ya Pazia la Chidambaram

Kila mwaka, somo langu la dini za India linapofika Chidambaram, wanafunzi huniuliza swali lilelile: nyuma ya lile pazia la hekaluni kuna nini? Siwajibu siku hiyo. Nawaambia tuanze na mikoko.

Chidambaram ni mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, karibu na Ghuba ya Bengal, wenye hekalu la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu. Jina lake la kale ni Tillai, na tillai ni mti wa mikokoni wenye utomvu mweupe unaoweza kumpofusha mtu ukimwingia machoni. Msitu uliokuwa mahali pa hekalu haupo tena. Lakini ukielekea baharini utaikuta mikoko ya Pichavaram, na mtu wa Lamu au wa Rufiji akipita humo kwa mtumbwi ataitambua miwili mitatu ya kwao, mkoko wenyewe na mchu.

Katika msitu huo, hadithi inasema, waliishi watawa wawili wakingoja kumwona Shiva akicheza. Patanjali alikuwa nusu mtu, nusu nyoka. Mwenzake, Vyaghrapada, alitaka kumtolea Shiva maua ambayo hata nyuki hajayagusa. Ilimbidi apande miti kabla ya mapambazuko, gizani, kwenye magome yenye umande. Basi akaomba apewe miguu na macho ya chui milia, akapewa. Ndiyo maana ya jina lake, Mwenye Miguu ya Chui Milia. Nimesoma hadithi nyingi za watu wanaoomba kitu kwa miungu yao, na wengi huomba nguvu au maisha marefu. Huyu aliomba kucha za kushikia gome.

Shiva akaja, akacheza. Katika mahekalu yake mengi huwakilishwa na lingamu, nguzo fupi ya jiwe, lakini hapa anaabudiwa kama Nataraja, Bwana wa Ngoma. Ana mikono minne: mmoja una kingoma kinachoumba dunia kwa mdundo, wa pili una moto unaoiteketeza, wa tatu unasema usiogope, na wa nne unauonyesha mguu ulioinuliwa, kwamba hapo ndipo kimbilio. Mguu mwingine umemkanyaga kibeti Muyalakan, ambaye ndiye ujinga. Mtazame vizuri kibeti huyo: hajauawa, amekanyagwa tu. Ngoma ikikoma, atainuka.

Kuna jambo jingine la Chidambaram lisilo la kawaida. Katika mahekalu mengi ya kusini, sanamu kuu haitoki chumbani mwake, na siku za sherehe hutembezwa nyingine. Hapa Nataraja mwenyewe hutoka mara mbili kwa mwaka, katika miezi ya Kitamil ya Ani na Margazhi, akapandishwa juu ya gari kubwa la mbao linalovutwa kwa kamba na umati. Kwenye malango yenye minara mirefu zimechongwa karana 108, yaani mikao ya ngoma ya kale, na wachezaji wa Bharatanatyam hadi leo huja kuzisoma mawe kwa mawe kama mtu asomaye kitabu.

Hadithi inayoniuma ni ya Nandanar. Alikuwa mkulima wa tabaka lililohesabiwa najisi, akatamani kumwona Nataraja maisha yake yote. Kila siku alisema, nitakwenda kesho, kwa kuwa alijua hataruhusiwa kuingia. Watu wakamwita Tirunalaippovar, Atakayekwenda Kesho. Mwishowe alikwenda. Inasimuliwa kwamba alipitishwa motoni, akatoka humo ametakasika kama Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, akaingia ndani, asionekane tena. Wengi huisimulia kama hadithi ya ushindi. Mimi sijawahi kuimaliza bila kujiuliza kwa nini mtu wa imani kiasi kile alihitaji kuchomwa, ilhali waliomzuia mlangoni hawakuhitaji.

Sasa pazia. Kusini mwa India kuna mahekalu matano ya Shiva yaliyogawiwa asili tano: ardhi iko Kanchipuram, maji Thiruvanaikaval, moto Tiruvannamalai, upepo Kalahasti. Chidambaram ilipewa ya tano, akasha. Ndani ya ukumbi mtakatifu, pembeni mwa mcheza ngoma, limetundikwa pazia, nje jeusi na ndani jekundu: weusi ni ujinga, wekundu ni maarifa. Kuhani hulisogeza, anainua taa ya kafuri, na watu wananyoosha shingo. Kinachoonekana ni mikufu ya majani ya bilva ya dhahabu, inaning'inia. Hakuna sanamu. Hiyo ndiyo Siri ya Chidambaram, na mahujaji husafiri siku nzima kuja kuitazama.

Nimehangaika miaka mingi na neno akasha. Nikilifasiri anga, wanafunzi wanatazama juu, mbali. Nikisema utupu, Kiswahili chetu kinaingiza uchi na upungufu, na hapo hakuna kilichopungua. Siku hizi nasema nafasi. Neno hilo tulilipata kwa Kiarabu, katika nafas, pumzi. Na paa la ukumbi ule, lililoezekwa kwa dhahabu, huelezwa kuwa na vigae 21,600, kwa hesabu ya pumzi 15 kila dakika, mchana na usiku: ndizo pumzi za mtu mmoja kwa siku moja. Chini yake pazia linafunguka, na kuna nafasi.