Kama ni Mkenya, mbona hana kipande?

Hili swali nimelisikia tena juzi ferini Likoni. Jamaa mmoja kasimama nyuma yangu na baskeli yake, anamhadithia mwenzake habari za jirani yao, ati jina lake Abdirahman, umri umefika na zaidi, kipande, yaani kitambulisho cha taifa, hana, basi huyo si Mkenya, kwisha. Mwenzake akaongeza, "hawa wanajazana tu huku na dini yao." Nilinyamaza manake feri ilikuwa imejaa na nilikuwa nimechoka, lakini usiku usingizi haukuja na ndo nimekaa kuandika. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mombasa, mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ni vipande na vyeti vya kuzaliwa kutwa kucha, na swali hili nimelijibu ofisini, harusini, matangani, mlangoni mwa kanisa na kibarazani mwa msikiti. Acha leo niliandike lote.

Kipande hakimpi mtu uraia. Kipande kinasema tu kwamba huyu ni raia tayari. Uraia wenyewe uko kwenye Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010: siku uliyozaliwa, kama mama yako au baba yako ni raia wa Kenya, wewe ni raia kwa kuzaliwa, hata kama ulizaliwa Jeddah au Toronto. Mzazi mmoja anatosha. Chifu hakupi uraia, afisa wa usajili hakupi, yeye anaandika jambo lililokwisha kutokea miaka 18 nyuma. Mwanamke akipoteza cheti cha ndoa hajaachika, na kama kadhi au padri hakumpa cheti siku ile bado ni mke wa mtu, sasa mbona hapa tunashindwa kuelewa? Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya kupata hati za utambulisho. Kwa hiyo ukikuta raia hana kipande, swali ni nani hajampa, na kwa nini.

Nikae kidogo kwenye huyo mzazi mmoja, manake hapo ndipo faili zangu nyingi zinakwama. Katiba ya zamani ilimbagua mama. Mtoto akizaliwa nje ya nchi, uraia ulipita kwa baba peke yake. Katiba ya 2010 ikafuta hilo, na ikaongeza sentensi ambayo natamani ningeichora kwenye ukuta wa kila ofisi: kwamba hii sheria ya mzazi mmoja inawahusu pia waliozaliwa kabla ya Katiba kuanza kutumika. Yaani mtu wa 1985 ambaye baba ni mvuvi wa Pemba na mama ni mwanamke wa Vanga mwenye kipande chake, huyo ni Mkenya kwa kuzaliwa, hahitaji msamaha wa mtu, hahitaji rais aje ampungie mkono. Na bado mwaka huu huu nimeketi na kijana wa namna hiyo mbele ya meza ya afisa wa usajili nikasikia anaambiwa "nenda kwa babako Pemba." Mama yake alikuwa amekaa pale pale, kipande mkononi. Nikasema, mheshimiwa, mama huyu hapa. Akaniambia kabila ni la baba. Sawa, labda kwa mila kabila ni la baba, lakini tulikuja kutafuta kabila au tulikuja kutafuta kipande?

Na wateja wangu nao nawaambia ukweli ambao hawaupendi: kuzaliwa Kenya peke yake hakukufanyi Mkenya. Mtu ananijia na karatasi ya hospitali, "mimi nimezaliwa Makadara hapa hapa," nami lazima nimuulize wazazi ni nani. Mtoto wa wakimbizi wawili aliyezaliwa kambini Dadaab hawi raia kwa ardhi aliyozaliwa. Unaweza kuipenda sheria hiyo au kuichukia, ndivyo ilivyo.

Sasa tuje kwa vetingi, ule uchunguzi wa ziada wa asili ya mtu, kitu kinachonikera kuliko vyote. Watu wananiambia, "hata mimi nilihojiwa, mbona sikulia?" Ndugu yangu, wewe hukupigwa vetingi. Wewe ulijaza fomu, ukapeleka cheti cha kuzaliwa na kopi ya kipande cha mzazi, mzee wa mtaa na chifu wakaweka sahihi, ukachukuliwa alama za vidole, ukapewa karatasi ya kusubiri. Huo ni usajili wa kawaida na mimi sina ugomvi nao hata kidogo. Vetingi ni mlango wa pili, ambao wewe hukuuona kwa sababu jina lako halikukupeleka huko. Ni kuambiwa ungoje siku ya kamati, na kamati inaweza kukaa leo au baada ya miezi, kuna wazee, kuna chifu, kuna watu wa usalama, halafu unaulizwa babu yako amezikwa wapi, leta kipande cha babu, leta cha bibi, taja ukoo, mbona Kiswahili chako kina lafudhi hii. Sheria inampa msajili ruhusa ya kudai ushahidi zaidi akiwa na shaka, hilo sikatai. Lakini shaka juu ya mtu mmoja ni kitu kimoja, na shaka juu ya Wasomali wote, Wanubi wote, Wabajuni wote kabla hawajafungua mdomo ni kitu kingine kabisa, na ukivichanganya hivyo viwili hatuwezi kuongea.

Kile kipande cha bibi sasa, hicho ndo kinanipandisha presha. Kipande kilianza kama chombo cha mkoloni cha kumbana kibarua, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika anavishwa shingoni ndani ya kibati ili asimtoroke bwana shamba. Wanawake hawakuwa kwenye hesabu hiyo. Hata baada ya uhuru usajili ulibaki wa wanaume mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Sasa bibi aliyefariki 1974 kule Kizingitini, kisiwani Pate, kipande chake mnataka akitoe wapi? Mnadai kitu ambacho serikali yenyewe haikuwahi kumpa, halafu asipokileta mjukuu anaitwa mgeni.

Wabajuni nawataja makusudi. Ukimsikia mtu anasema "hawa ni wa Somalia," muulize mpaka uliwekwa lini. Kismayu ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya mpaka 1925, ndipo Jubaland, jimbo lenye Kismayu, ikapewa Waitaliano. Wabajuni walikuwa wanavua na kuoana kutoka Lamu mpaka Kismayu kabla ya mstari huo, mstari ndio uliowapitia wao. Halafu vikaja vita vya shifta baada ya uhuru, vya waasi waliotaka kaskazini mwa Kenya iungane na Somalia, vijiji vya bara upande wa Kiunga vikahamwa, watu wakakimbilia Pate, Malindi, Mombasa, wengine wakavuka kaskazini. Watoto wa hao waliokimbia ndo leo wanaulizwa kwa nini hawana karatasi za kijijini.

Wasomali Wakenya hawana haja nieleze sana, wao wanajua. 1989 serikali iliwaita wote, watu waliokuwa na vipande tayari, wahakikiwe upya, waliopita wakapewa kadi za pinki. Kundi moja la raia, kwa kabila lao. Wengine walikuwa malishoni hata habari hawakupata. Halafu ukame wa miaka ya 1990 ukawasukuma maelfu ya watu wa Garissa kujiandikisha Dadaab kama wakimbizi wapate unga na matibabu, na wengi walikuwa watoto, walipelekwa na mama zao. Alama za vidole vya wengi wao zikabaki kwenye mtambo wa wakimbizi, mtu akienda kuomba kipande mashine inamkataa. Mtu kanyimwa nchi yake kwa sababu alipokuwa na miaka mitano alikuwa na njaa.

Sasa lile la dini, ati Uislamu ni wa wageni. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 5.1 kati ya Wakenya milioni 47.5, karibu asilimia 11. Pale Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbuzi wamekuta msikiti wa karne ya 8. Mahakama ya Kadhi iko kwenye Kifungu cha 170, na iliingia kwa makubaliano ya Oktoba 1963 wakati ule ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar ulipounganishwa na Kenya, haikuletwa na mgeni yeyote wa jana. Inatosha.

Lakini hapa nipingane kidogo na watu wangu pia, kwa sababu msikitini huwa nasikia kwamba haya yote ni chuki ya dini tu. Mbona basi Washona waliteseka vilevile? Hao walitoka Zimbabwe na kanisa lao, Wakristo wa kanzu nyeupe, wanachonga mbao na kusuka vikapu, na waliishi karibu miaka 60 bila karatasi mpaka serikali ilipokubali kuwatambua Desemba 2020. Wamakonde nao, wapo Wakristo wengi, babu zao walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge. Wamakonde walikwama kwa sababu ya tarehe. Siku ya uhuru, 12 Desemba 1963, aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Kenya aliingia uraia moja kwa moja. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wote wametoka nje alipewa miaka miwili ajiandikishe. Kibarua wa shamba la mkonge Kwale, hajui kusoma, hana redio, hiyo miaka miwili ilimpita hivi hivi akiwa shambani. Kwa hiyo dini inaongeza uzito, jina la Kiislamu linakuvuta kwenye ule mlango wa pili, hilo nimeliona kwa macho yangu mara nyingi mno, lakini mzizi ni mawazo kwamba kuna orodha ya makabila ya kweli na asiye kwenye orodha ajieleze.

Na hapo ndo nina shaka yangu ambayo sina jibu lake. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale mpaka Nairobi kudai haki yao, wakatangazwa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Kihindi wakatangazwa la 44. Julai 2023 Wapemba wakapewa vipande vyao Kilifi, wazee walilia siku ile nami nililia pamoja nao. Lakini nikirudi nyumbani najiuliza, si tumezidi kuipa nguvu ile orodha? Kila tukishangilia kabila jipya tunakubali kwamba bila kabila huna uraia. Katiba haisemi kabila popote pale kwenye Kifungu cha 14. Mtoto ambaye mama ni Mmakonde na baba hajulikani, mtoto aliyeokotwa, ambaye Katiba inamhesabu raia kama anaonekana chini ya miaka minane na wazazi wake na utaifa wake haujulikani, huyo aingie namba ngapi?

Hofu ya ugaidi siidharau. Shambulio la duka la Westgate 2013, la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wengi wao watoto wa chuo, kuna mama hapa mtaani ambaye tangu siku ile hajavaa nguo ya rangi. Mtu akiniambia anaogopa, naketi naye. Lakini mmoja wa wauaji wale wa Garissa alikuwa mtoto wa chifu, kasoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Huyo vetingi ingemkamata wapi, na babake ndiye aliyekuwa anakaa upande wa pili wa meza?

Na vipande vya kununua vipo, nikikataa nitakuwa nadanganya. Nimewahi kuletewa cheti ambacho nilijua ni cha uongo nikakirudisha. Lakini pia kuna mzee mmoja nilimkatalia faili lake, maelezo yake yaligongana, miaka haikulingana, nikaona huyu anatunga. Baada ya muda akajitokeza jirani yao wa zamani aliyesoma naye madrasa, kila kitu kilikuwa kweli, mzee alikuwa amesahau miaka tu kama wazee wote. Lakini mzee alikuwa ameshafariki. Mimi nilimfanyia vetingi yangu mwenyewe, na bado inaniuma.

Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ile vetingi ya ziada kwa watu wa mipakani imekwisha, na mara kelele zikaanza, ati kura za wageni, ati nchi imeuzwa. Mimi nilifurahi, ila nina wasiwasi wa upande mwingine. Tamko si sheria iliyopita bungeni. Anayekuja kesho anaweza kutamka vingine, na yule afisa mezani anaweza asitamke chochote, akasema tu "mtandao uko chini, rudi wiki ijayo," ukarudi mara sita, ukakata tamaa. Huku kwetu wengi hawajawahi kupewa barua ya kukataliwa hata moja, na bila barua sina cha kupeleka mahakamani.

Kwa hiyo kama una mtoto aliyefika 18 na wanakuzungusha: omba jibu kwa maandishi, andika jina la ofisi na tarehe kila ukienda, beba kipande cha mama hata kama wanataka cha baba, na usikubali kuacha karatasi yoyote orijino mezani, acha kopi. Jumatatu saa mbili asubuhi nina binti wa Old Town wa kumpeleka, tutakwenda kwa mara ya nne. Shule kamaliza, laini ya simu ni ya shangazi, nafasi ya chuo inamngoja. Mama yake nimemwambia safari hii aje yeye mwenyewe, na aketi mbele.