Tende Tano za Mkunguni: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Kubashiri Namba

Baada ya sala ya alasiri, kwenye mabaraza ya Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, hakosekani kijana wa kumwambia mwenzake afikirie namba bila kuitaja, aizidishe mara 2, aongeze 10, agawanye jumla kwa 2, kisha atoe namba aliyoanza nayo. Kabla kikombe cha kahawa hakijafika mdomoni, mwenzake huambiwa amebaki na 5. Hapo ndipo zinapozuka habari za ramli na majini.

Dhana ya kwanza ni kwamba mbashiri ameiona namba iliyofichwa. Ukweli ni kwamba hakuiona wala hana haja nayo. Ichukulie namba hiyo kuwa mfuko wa tende uliofungwa: ukizidisha una mifuko miwili, ukiongeza 10 una mifuko miwili na tende 10 za nje, na nusu yake ni mfuko mmoja na tende 5. Ukitoa namba ya mwanzo, mfuko unaondoka ungali umefungwa, zikabaki tende 5, ambazo ni nusu ya zile 10 alizokupa yeye mwenyewe. Akitaka ubaki na 8, atakuambia uongeze 16.

Wengine hudhani kwamba hesabu ikizungushwa sana jibu halikamatiki. Andika namba ya tarakimu tatu ambayo ya kwanza inaizidi ya mwisho kwa 2 au zaidi, mathalani 752. Igeuze iwe 257 na uitoe: unapata 495. Igeuze hiyo nayo, ujumlishe 495 na 594: jibu ni 1089, na litakuwa hilo hilo kwa namba yoyote ya aina hiyo. Sababu ni kwamba tofauti ya kwanza lazima igawanyike kwa 99, kwa hiyo tarakimu yake ya kati ni 9, na zile za pembeni jumla yake ni 9.

Dhana iliyo ngumu kung'oka ni ya kadi sita zenye orodha za namba, ambazo mbashiri hukuonyesha moja moja akikuuliza kama namba uliyofikiria imo; wapo wanaosema zimetiwa dawa, kwa kuwa hapa namba yako hasa ndiyo inayotajwa. Kadi hizo huanza na 1, 2, 4, 8, 16 na 32, na kila namba kuanzia 1 hadi 63 hupatikana kwa kujumlisha baadhi ya hizo kwa njia moja tu. Namba 45 ni 32 na 8 na 4 na 1, basi imeandikwa katika kadi nne hizo na si nyingine. Unapojibu "imo" au "haimo" mara sita, umeitaja namba yako yote bila kujijua, naye hujumlisha tu namba za mwanzo za kadi ulizozikubali. Ni hesabu ile ile inayotumia tarakimu mbili tu, 0 na 1, ambayo mwanahisabati Mjerumani Gottfried Wilhelm Leibniz aliiandikia mwaka 1703 na ambayo kompyuta huitumia leo.

Siku moja mzee mmoja aliyeacha miwani nyumbani alifikiria 45, akaikataa kadi ya 8 kwa kutoiona vyema. Kijana akamwambia, "Ni 37, mzee wangu."

"Umekosa, mwanangu," akajibu mzee, na baraza zima likacheka. Nilipoishika kadi ile, 45 ilikuwamo, pembeni kabisa.