Kumbukumbu ya binadamu hufanyaje kazi?

Kumbukumbu ni uwezo wa ubongo wa kupokea jambo, kulihifadhi, na kulirudisha baadaye linapohitajika. Maana hiyo ni sahihi, lakini ukiishia hapo utadhani kuna chumba kimoja kichwani ambamo mambo huingizwa na kutolewa yakiwa vilevile. Hakuna chumba cha namna hiyo, na mambo hayatoki vilevile.

Chukua namba ya simu. Mtu anakutajia namba ya kumtumia hela, nawe unaikariri chinichini, sifuri saba tano nne, huku kidole kinabonyeza. Akitokea jirani na salamu zake za "za tangu juzi", namba imekwenda. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya muda mfupi: hushika jambo kwa sekunde chache tu usipolirudia, na haibebi mengi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba inabeba vitu saba hivi, viwili vikizidi au kupungua. Baadaye Nelson Cowan alipitia upya ushahidi na kushusha idadi hiyo hadi karibu vinne. Lakini "kitu" hapa kinaweza kuwa fungu zima, ndiyo maana tarakimu kumi hatuzitaji moja moja, tunazikata vipande vitatu.

Kwamba kumbukumbu hiyo ni tofauti na ile ya muda mrefu tunajua zaidi ya yote kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Henry Molaison, aliyezaliwa Connecticut mwaka 1926, aliteswa na kifafa tangu utotoni, na dawa hazikumsaidia. Mwaka 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua na kumtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya kila upande wa ubongo. Kifafa kilipungua sana. Ila tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Utoto wake aliukumbuka, mazungumzo aliyafuata vizuri, akili yake ilikuwa nzuri tu. Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyetoka Montreal kumchunguza kwa miaka mingi, alilazimika kujitambulisha upya kila alipofika.

Kuna siku Molaison alipewa namba 584 aikumbuke. Alikaa nayo dakika kumi na tano bila kuipoteza, na alipoulizwa amewezaje akaeleza hesabu alizokuwa akizizungusha kichwani: ukikumbuka nane, jumla ya tarakimu zote ni kumi na saba, toa nane unabaki na tisa, igawe upate tano na nne. Dakika moja baadaye, akili ikiwa imehamia kwingine, hakujua kama aliwahi kupewa namba yoyote.

La kushangaza zaidi lilikuja kwenye penseli. Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuangalia mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomhangaisha yeyote mara ya kwanza. Kwa siku tatu mfululizo makosa yake yalipungua mpaka akawa hodari, na kila siku aliapa kwamba hajawahi kuifanya. Maana yake ujuzi wa mikono una njia yake: kupiga kasia, kusuka ukili au kuendesha baiskeli hakupiti pale alipokatwa. Hipokampasi inahitajika kwa matukio na maarifa, yaani mambo unayoweza kuyasimulia.

Hipokampasi yenyewe haionekani kuwa ghala la kudumu. Tukio likishapita, miunganiko kati ya seli za neva, inayoitwa sinapsi, huimarishwa kidogo kidogo, na usingizi una mchango mkubwa katika kazi hiyo. Kidogo kidogo kumbukumbu hutegemea zaidi gamba la nje la ubongo. Ndiyo maana utoto wa Molaison ulisalimika.

Sasa, kurudisha. Hapa ndipo watu wengi hukosea, mahakama zikiwemo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ya magari yaliyogongana. Baadhi waliulizwa yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Waliosikia neno zito walikadiria mwendo mkubwa zaidi. Baada ya wiki moja wote wakaulizwa: mliona vioo vilivyovunjika? Katika kundi la neno zito, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika kundi la neno la kawaida, 7 kati ya 50. Kwenye filamu hapakuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Hawakuwa wakisema uongo. Ubongo hulijenga tukio upya kila linapoitwa, na swali lililoulizwa vibaya huingia kwenye ujenzi huo. Kwa maoni yangu, kauli kama "nakumbuka kama jana" inaonyesha jinsi mtu alivyo na uhakika, basi.

Kusahau nako kuna mwendo wake. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba upotevu mkubwa hutokea saa za mwanzo, kisha kasi hupungua. Kinachozuia upotevu huo ni kulirudisha jambo kichwani bila kulitazama. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha waliosoma tena maandishi na waliojipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki, walikuwa nyuma.

Wanafunzi wa vyuo vya Kurani wanaujua utaratibu huo kwa vitendo: asubuhi unasimama mbele ya mwalimu na kusoma kwa moyo, msahafu umefungwa, na juzuu za zamani zinarudiwa kwa zamu ili zisitoroke. Anayejiandaa kwa mtihani afunge daftari vivyo hivyo, ajiulize, akikwama ndipo alifungue, kisha alirudie somo hilo kesho na tena wiki ijayo. Kupitisha kalamu ya rangi juu ya mistari kunapendeza macho, lakini hakumlazimishi mtu kukumbuka chochote.