Duka Tumefunga, Ufunguo Uko Wapi?

Baba Neema na mkewe wana watoto wanne na wamekubaliana: basi. Jioni wakitaniana barazani, Mama Neema akasema, "Duka tumefunga, lakini ufunguo umeuacha mlangoni." Maswali yaliyofuata waliniletea mimi, nesi wa jirani.

Nina miaka 44 na hedhi inaruka miezi. Si nimeshamaliza?
Bado, mama. Uwezo wa kushika mimba hupungua sana baada ya miaka 35, ila hedhi ikirukaruka yai bado linaweza kupevuka mwezi usioutegemea. Ukomo wa hedhi huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na aliye chini ya miaka 50 hushauriwa aendelee na kinga miaka 2.

Na mimi wa miaka 51?
Wewe huna ukomo. Mbegu hutengenezwa kila siku, hata mvi zikijaa.

Nikifunga uzazi si nitakuwa maksai?
Kila mwanaume huniuliza hili, wengine kwa kunong'ona. Maksai huharibiwa korodani, zako haziguswi. Unachomwa ganzi, ngozi ya pumbu inatobolewa kidogo, mirija miwili ya kupitisha mbegu inakatwa na kufungwa. Nusu saa haifiki, unarudi nyumbani. Homoni za kiume husafiri kwa damu, hazipiti kwenye mirija hiyo, hivyo hamu na nguvu zinabaki. Hata shahawa hutaona zimepungua, maana mbegu ni sehemu ndogo mno ya majimaji yale.

Kinga inaanza siku hiyohiyo?
Hapana! Mzigo uliokwishatoka kiwandani bado uko njiani. Tumieni kondomu miezi 3, kisha upeleke shahawa maabara zipimwe. Mkeo akishika mimba mwezi wa pili, usianze kumsaka mgoni.

Tukibadili mawazo?
Kuunganisha tena ni upasuaji mgumu, na kupata mtoto tena si jambo la uhakika. Mkiwa na shaka hata chembe, chagueni kitanzi cha shaba, kinachokaa kwenye mfuko wa uzazi miaka 10, au kijiti cha chini ya ngozi ya mkono wa mama.

Nitapumzika muda gani?
Siku mbili tatu, na chupi ya kubana. Mizigo mizito, baiskeli na tendo la ndoa viache kama wiki moja.

"Wiki nzima!" akaguna Baba Neema.

Mkewe akamgeukia. "Mwenzio arobaini haijaisha nilishajitwika ndoo."