Goti lako hujikunja kiasi gani ukitembea juu ya lava?

Mtu akija kwetu Goma na goti linalouma, kwanza tunamwomba atembee. Anatembea ukumbini juu ya simenti laini, na anatembea vizuri kabisa, maana anayejua anatazamwa hujikaza. Kisha anatoka, anashika njia ya Majengo yenye mawe yaliyochongoka, na huko ndiko goti linakosema ukweli. Sisi hatupo.

Kwa hiyo tunamfungia vihisi, vidude vya ukubwa wa kiberiti: kimoja pajani, kingine kwenye muundi. Lazima viwe viwili, kwa sababu hakuna kinachopima goti lenyewe. Kimoja husoma mwinamo wa paja, kingine mwinamo wa muundi, na tofauti yake ndiyo pembe ya goti. Kwa mtu mzima asiye na shida, goti hujikunja kama digrii 60 mguu ukiwa hewani, na kama 15 hadi 20 mara tu uzito unapouangukia mguu. Mimi hutazama kwanza mkunjo huu mdogo. Mwenye maumivu huukwepa, anatua mguu umekakamaa kama gongo, na jambo lenyewe hupita haraka mno kwa macho.

Ndani ya kihisi mna jiroskopu, inayosoma kasi ya kiungo kuzunguka. Kompyuta hujumlisha kasi hiyo ili kupata pembe, ila hujumlisha na makosa madogo yaliyomo. Baada ya dakika kadhaa, mtu aliyesimama wima anaweza kusomeka kama amepiga magoti! Akselerometa, kipima mchapuko kilichomo humohumo, hurekebisha, kwa kuwa mvuto wa dunia huijulisha chini ni wapi. Kaskazini haiijui, ndiyo maana vihisi vingi huwekewa pia dira.

Dira hiyo ndiyo inayotutesa hapa. Mji wetu umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, ya zamani na ya 2002 iliyopita katikati ya mji. Lava hiyo ina chembe za magnetiti, madini ya chuma yaliyoshika usumaku yalipopoa. Kihisi cha muundi kiko karibu na ardhi, kwa hiyo dira yake huvutwa kuliko ile ya pajani, na viwili hivyo havikubaliani tena kaskazini ni wapi. Basi grafu inaonyesha mguu umejipinda kwa ndani, wakati mwenyewe anatembea salama. Nondo za sakafuni nazo hufanya hivyohivyo.

Basi dira tunaizima. Kwa kukunja na kunyoosha goti, jiroskopu na akselerometa zinatosha. Kupima mguu kujizungusha kunahitaji dira, kwa hiyo hilo hatuliandikii ripoti.

Ukija kupimwa, kihisi cha muundi kitakazwa mbele, penye mfupa, kwani nyama ya nyuma hutikisika kwa kila hatua. Utaombwa usimame wima sekunde chache bila kusogea wala kujibu simu; hapo ndipo sifuri inapowekwa, yaani goti lililonyooka. Kama goti halinyooki, sema mapema, la sivyo vipimo vyote vitakosea kwa kiasi hichohicho. Kisha nenda zako sokoni kama kawaida. Na tafadhali, njoo na viatu vya kila siku, si vile vya Jumapili.